Mwito wa Chumba cha Kukaushia

Sefanaia aliniwekea funguo mezani, lakini macho yake yalikuwa yamekwama ng'ambo ya ua, kwenye mlango wa chumba cha kukaushia nguo. Ilikuwa adhuhuri, jua limesimama utosini, mashine zote zimezimwa watu wale chakula. Mle ndani shuka nyeupe zilizotundikwa zilikuwa zikipepea polepole, moja baada ya nyingine, kana kwamba mtu mwembamba anapita katikati yake. Upepo haukuwapo. Hata minazi ya ufukweni ilikuwa imelala.

"Mke wangu mgonjwa," alisema. "Narudi kijijini."

"Juzi mkeo kaniletea viazi vikuu, Sefa. Alicheka mpaka akashika kiuno."

Sefanaia alikuwa mtu wa Nadroga, mtani asiyechoka; mimi mzaliwa wa visiwa vya Lau alizoea kuniambia kwamba sisi huko tunazaliwa na magamba, tunaparuliwa kwanza ndipo tunapewa majina. Siku ile utani ulikuwa umemkauka.

"Basi nikwambie kweli, dada Vasiti, na usinicheke. Nimeitwa."

"Na nani?"

"Kwa jina langu lote. Sefanaia Rokotuivuna. Humu ndani nani analijua? Humu mimi ni Steve."

Nilikuwa nimeletwa kutoka Suva, mji mkuu, nisimamie dobi na nijue kwa nini watu wa dobi wanaikimbia hoteli yetu. Meneja wetu, Bwana Pettifer, Mwaustralia wa Queensland, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amejaribu kila alichokijua. Alileta keki siku za Ijumaa. Alibandika picha ya mfanyakazi bora wa mwezi kwenye mlango wa jiko. Alitushonea fulana zilizoandikwa "Sisi ni Familia Moja", nasi tukazivaa, na waliozivaa wakaendelea kuondoka. Kila aendaye alikuwa na sababu yake nzuri: huyu kapata kazi ya kuchuma matofaa New Zealand, yule anakwenda kulea wazee Sydney, mwingine goti linamuuma. Sikuwa na la kubisha. Ila wote, wakishaniaga, walikuwa wakiuangalia ule mlango.

Beji za majina zilikuwepo kabla yangu. Makao makuu waliona majina yetu yanawaumiza wageni ulimi, wakatukatia mafupi. Mimi niliandikwa Vicky. Nililivaa jina hilo kama mtu avaavyo kiatu cha kuazima, kinabana lakini njia si ndefu.

"Kaa," nilimwambia Sefanaia. "Anza mwanzo."

Akakaa, akanisimulia habari za Tokasa.

Alikuwa mpiga pasi, mwanamke mwenye pengo la meno ya mbele, kila aongeapo maneno yake yanatoka na mluzi mdogo. Beji yake ilisema Tess. Mwaka uliotangulia, siku ya joto kali, alilalamika kichwa. Msimamizi wa wakati ule akamwambia avumilie kidogo, shuka za kundi la watalii zinangojwa. Akavumilia. Akaanguka katikati ya matoroli ya nguo, hakuamka. Jioni haijaingia, mtu mwingine alikuwa amesimamishwa pale pale, anapiga pasi shuka zilezile.

"Mazishini hatukuruhusiwa kwenda. Hoteli imejaa, ndivyo tulivyoambiwa. Ila walipeleka shada la maua, dada, shada zuri kuliko yote. Na utepe wa dhahabu: Kwaheri Tess, Nyota Yetu. Tulisimuliwa, mama yake akasimama nalo kando ya kaburi anauliza watu, 'Tess ni nani? Jamani, hawa wamekosea msiba?'"

Akajifuta jasho.

"Tangu hapo anaita. Wala hatishi. Anaita kama mtu anayekukumbusha kwamba una kwenu. Ukishalisikia jina lako limetamkwa vile, asubuhi yake huwezi tena kujibandika Steve kifuani."

Alipoondoka nilivuka ua, nikaingia.

Kulikuwa na harufu ya sabuni na ya kitambaa kilichoungua kidogo. Joto lilinifunika uso kama kiganja. Nilisimama kati ya shuka, nikajiambia hiki ni chumba cha nguo, Vasiti, mabati yakipata jua hulia. Ndipo shuka iliyokuwa karibu na bega langu ilipovimba, ikapungua, kama kifua cha mtu anayevuta pumzi ili aseme.

"Vasiti Lewatu."

Polepole, bila kero. S ile ikapiga mluzi.

Sikuitika. Nilirudi kinyumenyume hadi nikalisikia jua mgongoni, kisha nikaenda moja kwa moja kwa Bwana Pettifer.

"Bosi, aliyekufa dobi mwaka jana aliitwa nani?"

"Tess," alisema kwa huzuni ya kweli. "Tulipeleka maua."

"Jina lake."

Hilo hakuwa nalo. Akageuka dirishani, nami nikageuka, tukawaona watu wa dobi waliosalia wamesimama uani, mbele yao kikapu cha nguo. Kila mmoja alikuwa akivua beji yake na kuiangusha mle.

"Wanataka nini?" aliniuliza. "Mshahara?"

"Hawataki kitu. Wanaondoka. Ukitaka kuwazuia, twende tukaombe radhi, na twende kwa desturi zetu."

Tulipanda bonde la Sigatoka kwa gari la hoteli, Bwana Pettifer kafunga sulu, kikoi chetu, kiunoni kwa mkanda wa suruali, na waliosalia wamejibana nyuma wakiwa na nguo zao za kanisani. Sefanaia alikubali kuja; ukoo wao ndio wa wasemaji, na bila msemaji jino la nyangumi, lile la kuombea radhi, halipokewi. Njia nzima Bwana Pettifer alikuwa akilisoma kimoyomoyo jina la Tokasa nililomwandikia kwenye karatasi, midomo ikicheza.

Kijiji kilikuwa kimya mno kwa saa ile. Mbwa walitutazama bila kubweka. Nyumba ya mama yake Tokasa ilikuwa na madirisha wazi na giza ndani. Nilikuwa hata sijafika mlangoni, sijavua ndala.

"Vasiti Lewatu, ingia na watu wako."

Ilikuwa sauti ile ile, na mluzi ule ule. Labda mjumbe tuliyemtanguliza alimtajia mwenye nyumba jina langu. Sikupata ujasiri wa kumwuliza, wala hadi leo sijamwuliza. Kwenye mkeka alikuwa ameketi mama yake Tokasa, bibi mdogo wa umbo, mwenye pengo la meno ya mbele.

Tukakaa chini. Sefanaia akashika jino kwa mikono miwili, akasema maneno ya kuomba radhi, mazito, yanayokwenda kwa mwendo wa jembe. Alipomaliza, bibi hakulipokea.

"Nimemsikia msemaji. Na huyu mzungu, kinywa anacho?"

Bwana Pettifer akajiinamia. "Nimekuja kwa ajili ya Tokasa... Nakagilevu."

"Simjui huyo."

Nikamnong'oneza kwamba lile c letu si k, ni dh. Akajaribu tena, likatoka baya zaidi.

"Nadhang'ilevu," bibi alisema, kama amwelekezaye mtoto. "Upepo mkuu. Nilimzaa siku ya kimbunga, paa limekwisha kuruka. Sema."

Akasema. Akasema tena. Mara ya tatu lilitoka lote, na nyuma yangu mwanamke mmoja wa dobi akaanza kulia bila sauti.

"Na hawa uliokuja nao," bibi akauliza, "ni akina nani?"

Nitakumbuka daima Bwana Pettifer alivyofanya. Aligeuka, akawatazama vifuani. Alikuwa akitafuta beji. Hazikuwepo, kulikuwa na maua ya vitambaa, vifungo, shanga. Akapandisha macho kwenye nyuso za watu aliowapita kila asubuhi kwa miaka, nyuso nazo zikamngoja. Masikio yakamwiva.

"Siwajui," alisema. "Nisameheni. Siwajui."

Pazia la dirishani likainuka, likashuka. Bibi akanyoosha mkono, akalichukua jino, akalilaza mapajani.

"Basi waulize," alisema.

Akawauliza, mmoja mmoja, palepale mkekani.

Kikapu kile cha beji kilipelekwa jalalani. Asubuhi Bwana Pettifer alianza kusimama mlangoni mwa dobi akiwaamkia watu kwa majina, na alipokosea walimwadhibu kwa kicheko: "Rudi darasani, Bosi!" Aliyeumwa kichwa alikwenda kulala, shuka zikangoja, na watalii hawakufa kwa kungoja. Msiba ukitokea, hoteli ijae isijae, watu walikwenda kuzika. Siwezi kusema hakuna aliyeondoka. Sefanaia alikwenda New Zealand hatimaye, lakini tulimchinjia nguruwe, tukanywa kava, kinywaji chetu cha mizizi, akanitania magamba yangu hadi gari lilipopinda kona.

Chumba cha kukaushia kilinyamaza. Huwa naingia mara mojamoja adhuhuri, nasimama kati ya shuka. Sijui kama namwogopa au namngoja.

Msimu wa miwa ulipokwisha, mama yake Tokasa alishuka kutoka bondeni na binti yake mdogo, aliyekuwa akitafuta kazi.

"Anaitwa Lavenia," alimwambia Bwana Pettifer.

Binti akaingia kazini. Bibi akakaa kwenye benchi la nje, mkoba mapajani, uso kaelekeza mlango wa dobi. Nilimletea chai ya majani ya ndimu, ikapoa. Nilimwita kivulini, akatikisa kichwa. Alikaa hivyo kutwa nzima, hakusinzia, hadi binti alipotoka akijikung'uta nyuzi, wakaondoka wameshikana mikono.

Siku ya pili Lavenia alikuja peke yake.