Gunia Moja na Postikadi

Jumanne saa nne asubuhi, msusi alikuwa amefika nusu ya kichwa cha mwalimu wa hesabu pale tarishi wa posta alipoingia na postikadi ya sitini na mbili. Akaisoma kwa sauti, kama kawaida yake, maana postikadi haina bahasha na saluni ilikuwa imejaa.

"Huku baridi, shosti. Karibu sana. Nyumba yangu ni nyumba yako."

Zote sitini na mbili ziliishia hivyo. Zilitoka kwa rafiki wa msusi, waliyekulia pamoja nyumba moja, akaolewa ng'ambo. Zilifunika ukuta kuanzia kwenye kioo hadi mlangoni, na stempu alizozipata kwa marafiki wengine alizikusanya kwenye daftari.

"Anakukaribisha mdomoni tu," alisema muuza mitumba, ambaye hakuwa na nywele za kusuka lakini hakukosa hata siku moja.

"Miaka kumi na tisa mtu akukaribishe mdomoni?"

"Si uende basi, tuone!"

Msusi akafuta mafuta mikononi, akamwambia mwalimu asubiri kidogo, akaenda posta.

Karani alimpandisha kwenye mizani. "Ya kawaida au rejista?"

"Rejista. Nisije nikapotea."

"Basi vua viatu, vinaongeza uzito."

Alimbandika stempu kumi na nne. Begani pakajaa, mbili za mwisho zikaenda shavuni. Akazigonga mhuri polepole asimwumize, kisha akamwonyesha gunia la nchi za nje. Msusi akaingia, akajibanza kati ya kalenda na barua za vyuo.

Wiki tatu baadaye tarishi alimrudisha kwa baiskeli. Alitaka sahihi, muuza mitumba akasaini. Msusi alikuwa na mihuri ya nchi sita, na kwenye paji la uso karatasi ya njano: MPOKEAJI AMEKATAA KUPOKEA.

Wakamkagua kwanza.

"Hii ya ndege mwekundu hatuna," alisema mwalimu wa hesabu, aliyekuwa amefundisha wiki tatu akiwa amesukwa nusu kichwa. Wakaleta beseni la maji ya vuguvugu, wakazibandua stempu moja moja, wakazilaza kwenye taulo zikauke.

"Ulimwona?" aliuliza muuza mitumba.

"Alifungua mlango mwenyewe. Amenawiri."

"Akasemaje?"

"Alimwuliza tarishi wa kule kama ni lazima asaini. Akaambiwa si lazima."

Muuza mitumba akageuza stempu moja kwenye taulo. 

"Na kuna hii," alisema tarishi mlangoni, akatoa postikadi ya sitini na tatu.

Ilipostiwa kule siku ileile msusi alipokataliwa. Walisafiri gunia moja, ikimchoma ubavuni njia nzima, na kila gunia lilipofunguliwa aliisoma tena. Hata hivyo alikaa kitako, akamwachia tarishi kazi yake ya kusoma.

"Shosti, kimya sana. Mbona huji? Karibu. Nyumba yangu ni nyumba yako."

"Ana mwandiko mzuri," alisema mwalimu.

"Tangu shule," alisema msusi. Akatafuta pini, akaitundika chini ya ile ya sitini na mbili, akashika kitana na kuuliza walikuwa wameishia wapi.