Sinia la Watu Wanne

Kama ungemuuliza Zaïnati anataka nini hapa duniani, angekujibu bila kuona haya: anataka siku moja tu, yeye na mumewe na watoto wake wawili, wale sinia moja. Usicheke. Jambo hilo kwingine ni la kila siku, lakini Moroni, kisiwani Ngazidja, miaka ile Wafaransa wangali wakitawala, lilikuwa gumu kuliko kupata kazi ya ofisini.

Mumewe, Mdahoma, karani wa posta, alikuwa amefanya ndoa kuu na Zaïnati huyo huyo miaka sita nyuma, ile ya kulisha mji mzima kwa siku nyingi. Mwanamume akishaifanya huhesabiwa mtu mzima, hukaa mbele pale bangwe, uwanja wa mji, na hula na watu wazima wenzake. Kula na mkewe na bintiye mbele za watu ni kujishusha. Houmadi, mwanawe wa miaka kumi na minne, alipobaleghe alihama nyumba ya mama kama wavulana wote, akaenda kulala kwenye kibanda cha vijana nyuma ya mtaa, na chakula chake kikawa kinapelekwa kwa sahani iliyofunikwa kawa. Hakima, wa miaka kumi na sita, alikula jikoni pamoja na mama zake wakubwa na wadogo, ambao hawakupungua wanne siku yoyote. Zaïnati alipika chungu kimoja, akapakua mahali patatu, kisha yeye mwenyewe akala amesimama.

Zamani haikuwa hivyo. Kabla ya ndoa kuu walikuwa wakilizunguka sinia la shaba, Hakima akingoja nduguye ageuke ndipo amwibie minofu ya samaki, Houmadi akilia, Mdahoma akijifanya hakuona. Sinia lenyewe sasa lilikuwa limetundikwa ukutani. Zaïnati alilisugua kwa ndimu na majivu kila Alhamisi, na kila Alhamisi moyo ulimuuma kidogo.

Basi mwezi wa Aprili mwaka huo Mdahoma alipewa likizo, akaja nyumbani amekunja tangazo mfukoni. Wakala wa meli pale bandarini alikuwa ameanzisha safari fupi za matembezi kwa ajili ya familia, wakati wa mapumziko ya shule.

"Tutakwenda baharini," alisema. "Sote wanne. Hatuendi kuzika, hatuendi kuoza, hatuendi kwa daktari. Kutembea tu, kama Wazungu."

Watoto walilirukia tangazo. Hakima alitaka meli nyeupe iliyozunguka visiwa vyote vinne kwa siku tano, kwa sababu ilikuwa na sinema. Houmadi alitaka ile ya Majunga, mji wa ng'ambo ya bahari, kwa sababu nusu ya wenzake kibandani walikuwa na jamaa huko na kila siku walimsimulia. Mdahoma alitaka iliyo fupi, maana hakuwa na hakika na tumbo lake. Walibishana siku tatu. Zaïnati alipenga kamasi za mtoto wa jirani, akachambua mchele, akasikiliza. Siku ya nne akasema kwamba atakwenda mwenyewe kumwona karani wa wakala, na wakitaka wamfuate.

Karani huyo, Chaher, alikuwa mtu mnene mwenye subira. Aliwakalisha wote wanne kwenye benchi, akaanza kuisifu meli nyeupe: vitanda vyake, sinema yake, feni zake.

"Watu wanakula wapi?" Zaïnati akauliza.

"Mezani, mama. Chumba kizuri. Kila mtu na sahani yake, uma na kisu. Wakubwa chumba chao, watoto chumba chao, na wana mwalimu wa kuwachezesha."

"Na ya Majunga?"

"Ya Majunga wanaume hukaa mbele, wanawake nyuma. Nahodha mwenyewe ni mtu wa dini, hapendi mchanganyiko."

"Kuna nyingine?"

Chaher aliona haya kidogo. Ilikuwapo moja, akasema, lakini hiyo hasa si ya kutembelea. Ni meli ndogo ya chumvi, mbuzi na abiria. Huondoka alfajiri, hufika Mutsamudu, kisiwa jirani, alasiri, hupakia karafuu siku mbili, hurudi. Haina hata chumba cha chakula. "Kila mtu hubeba chakula chake, mama, hutandika mkeka panapompendeza."

"Popote?"

"Popote."

"Basi tunataka hiyo," alisema Zaïnati.

Hakima alimtazama mama yake kana kwamba amechagua kupanda mbuzi. Njia nzima ya kurudi walimsakama: kwa nini meli ya chumvi, kwa nini mbuzi, ana nini mama? Zaïnati hakuwaambia. Alijua kwamba ukimwambia mwanamume mwenye ndoa kuu unataka ale nawe mbele za watu, atakuwa na wiki nzima ya kutafuta sababu ya kukataa.

Ila Ngazidja nyumba ni ya mwanamke, na neno la mwisho juu ya watoto ni la mjomba. Siku hiyo hiyo Zaïnati akaenda dukani kwa kaka yake mkubwa, Idarousse, aliyeuza nguo asubuhi na kusomesha Kurani alasiri. Alimwogopa tangu utotoni na hakuwahi kumkatalia jambo, lakini njia za kumwendea alizijua zote.

"Kaka, kwenye meli nyeupe wanashika uma kwa mkono wa kushoto," alisema, "na nyama inaingia kinywani kwa mkono huo huo."

Idarousse aliiweka chini nguo aliyokuwa akiipima. Habari ya meli nyeupe ikaishia hapo. Kuhusu Majunga ilitosha kutaja vijana wawili wa mtaani waliokwenda kwa wiki moja na sasa wana miaka saba huko.

"Imebaki ya Mutsamudu," alisema Idarousse. "Mnakwenda kwa nani?"

"Hatuendi kwa mtu, kaka. Tunakwenda kutembea."

"Kutembea."

"Ndiyo."

"Na unabeba nini?"

"Chakula. Na lile sinia langu la shaba."

Idarousse akatabasamu, jambo alilolifanya mara chache, na Zaïnati akaondoka na ruhusa yake akiwa mwepesi wa moyo. Angegeuka nyuma akaona uso wa kaka yake, asingelala usingizi. Mama mwenye binti wa miaka kumi na sita, anavuka bahari na sinia la shaba, chombo cha harusi, halafu anasema anakwenda kutembea! Idarousse hakuzaliwa jana. Mchumba alimjua kwa harufu tu.

Kwa hiyo siku ya safari, familia ilipofika bandarini, ikawakuta watu kumi na mmoja wa ukoo wamekwisha pakiwa kwenye mashua za kuwapeleka melini, maana meli hazikaribii gati pale Moroni. Idarousse alikuwa amevaa joho. Dada mkubwa wa Zaïnati, Moinafouraha, alikumbatia ngoma mbili na chupa ya marashi. Wengine walishika vikapu.

"Haiwezekani mwende peke yenu kama mayatima," alisema Moinafouraha, akamkonyeza. "Tumeelewa, mdogo wangu. Hatuulizi."

Zaïnati alielewa mara moja, na machozi yakamlenga. Hakulilia aibu wala udhia. Aliliona sinia lake likizungukwa na macho ya watu kumi na mmoja, mumewe akiitwa mbele na wanaume, Hakima akivutwa nyuma na wanawake, na yeye mwenyewe akipakua mahali patatu, amesimama, kama nyumbani, isipokuwa sasa na mbuzi. Akameza machozi, akapanda.

Ikawa kweli hivyo kwa saa nne. Wanaume walitandika mbele, wanawake nyuma, Houmadi akatokomea kwenye injini. Meli ilipokuwa kwenye kivuli cha kisiwa kila kitu kilikuwa shwari, na Moinafouraha akaanza kupiga ngoma. Kisha wakaimaliza ncha ya kusini ya Ngazidja, na upepo wa kusi, ambao ndio kwanza ulikuwa ukianza mwaka huo, ukawapokea.

Ngoma ilinyamaza kwanza. Halafu binamu mmoja akaomba ndimu. Halafu wakaanza kuanguka mmoja mmoja, joho na mapambo yao yote, wakajinyoosha kwenye mikeka na kujifunika nyuso kwa leso na vilemba. Idarousse alishikilia mlingoti akisoma dua, kisha akalala naye, akajifunika uso. Ilipofika saa sita mchana ukoo wote ulikuwa chini, na hakuna aliyetaka kuona, kuonwa wala kusikia jina la chakula.

Zaïnati alikaa akijipima tumbo. Lilikuwa salama. Alimtazama Hakima: mzima, anacheka kila wimbi linapomlowesha. Houmadi alikuja kutoka kwenye injini, uso mweusi kwa grisi, akasema ana njaa. Na Mdahoma, yeye aliyekuwa akiliogopa tumbo lake, alikuwa amesimama peke yake kati ya wanaume waliolala, viatu mkononi, akishangaa uzima wake.

Zaïnati akalitoa sinia kwenye mfuko. Akatandika mkeka nyuma ya magunia ya chumvi, akamimina wali wa nazi, akaweka kisamvu upande mmoja na samaki wa kukaanga katikati, na pembeni mkate wa sinia alioupika jana. Hakuita mtu. Watoto wakaja wenyewe. Mdahoma akatazama mbele, akatazama nyuma, akaona vilemba na leso tu, hakuna jicho. Akaja, akakaa.

Wakala. Meli ilipopanda walilishika sinia kwa mkono mmoja, iliposhuka wakamega tonge. Hakima akaiba minofu ya nduguye, na Houmadi, mwanamume wa kibandani mwenye sauti nzito, akalalamika kwa sauti ile ile ya zamani. Mdahoma akajifanya hakuona. Zaïnati alikuwa na furaha kiasi kwamba alikula kidogo sana.

Mutsamudu walipokelewa ufukweni na Halidi, mwenzake Mdahoma wa posta ya huko, aliyeombwa kwa simu, baada ya tiketi kukatwa, kuwapa malazi watu wanne, na sasa akahesabu kumi na watano. Ukoo ulikuwa umefufuka, umenyunyiza marashi. Idarousse alimsalimu Halidi kwa heshima zote, akauliza habari za watoto. Halidi akamleta mwanawe wa pekee, wa miaka saba, hana meno ya mbele.

Idarousse akamtazama yule mtoto, akamtazama Hakima, kisha akamgeukia Zaïnati.

"Zaïnati. Mlikuja kufanya nini huku?"

"Kutembea, kaka."

Moinafouraha ndiye aliyeanza kucheka, na alipoanza hakukuwa na wa kumzuia. Siku mbili zile walitembea kweli, wote kumi na watano, maana ndiyo kazi iliyobaki. Walipita vichochoro vya Mutsamudu vyembamba kiasi cha kupishana kwa ubavu. Wanawake walinunua shiromani nyekundu, wakajifunga kama wenyeji. Houmadi alioga mtoni mpaka vidole vikakunjamana. Hakima alipelekwa kuona maua ya langilangi yakipikwa kutoa mafuta, akauliza maswali mengi mpaka msimamizi akamkaribisha kiti. Idarousse alionekana amekaa peke yake juu ngomeni, anaitazama bahari, hafanyi lolote. Alipoulizwa alisema anatembea.

Siku ya kurudi bahari ilikuwa imelala, hakuna wimbi. Mchana ulipokaribia Zaïnati aliwatazama jamaa zake: wazima wote, wamekaa wima, macho makavu. Mbele wanaume walikuwa wamefungua kikapu.

"Mdahoma," aliita Idarousse, "watu wazima huku."

Zaïnati alikuwa amekwisha liweka sinia mkekani. Hakumtazama mumewe. Alijiambia kwamba moja amepata, na wengi hawapati hata hilo moja. Akaendelea kumimina wali.

Mdahoma alisimama katikati ya meli, viatu mkononi. Kisha Zaïnati akaona kivuli chake kikianguka juu ya wali, na Mdahoma akakaa, upande ule ule aliokaa wakati wa kwenda.

"Houmadi," alisema, kwa sauti iliyofika mpaka kwa nahodha, "acha hiyo injini. Njoo ule na mama yako."

Mkono wa Moinafouraha ulisimama na tonge. Mbele, Idarousse alionekana akipekua kichwani vitabu vyote alivyosoma akitafuta katazo, na ilikuwa wazi kwamba halipati. Mwisho akainuka, akaja taratibu na bakora yake, akasimama juu ya mkeka wao. Alitazama wali, samaki, na vichwa vinne vilivyolizunguka sinia.

"Hapa hakuna nafasi ya mtu mmoja?" aliuliza.

Zaïnati aliinua uso. Kwa miaka thelathini na minane hakuwahi kumwambia kaka yake hapana.

"Hakuna, kaka," alisema. "Limejaa."

Uso wa Idarousse ukalegea, akaguna, karibu kucheka. "Basi nipakulieni," alisema, akarudi kwa wenzake.

Zaïnati alichukua sahani, akaweka wali, akachagua tumbo la samaki, kipande kilichonona kuliko vyote, akakifunika kwa kawa. Akampa Houmadi ampelekee mjomba wake kule mbele. Hakima alingoja mpaka nduguye alipogeuza mgongo, kisha akanyoosha mkono na kuivuta minofu yake.