Beki wa Tano

Mwenye kutaka kubisha abishe sasa, maana tukishaanza sitasimama. Pale Fall River, nyuma ya kiwanda cha nguo cha Pell kilichokufa zamani pamoja na mashine zake, kuna uwanja wa akademi ambao mabeki wake walikuwa watano hata kocha akipanga wanne.

Delfim Arruda ndiye aliyeumia kwa hilo kuliko wote. Alikuwa beki wa kati, kijana mwenye shingo ya korongo, aliyelelewa na akademi ile tangu jezi ikimfika magotini. Wenzake walikuja wakaenda: huyu goti, yule mapenzi, yule baba yake kachoka kuendesha gari alfajiri kwenye barafu. Yeye akabaki. Sasa ulikuwa msimu wake wa mwisho. Ama timu ya kulipwa ya Albany imchukue, ama akaoke mikate kwa mjomba wake. Mikate ya mjomba ilikuwa mitamu, sikatai, lakini hakuna mtoto aliyewahi kulala akaota anaoka mikate mbele ya mashabiki.

Albany walitaka beki mmoja tu, na walimtaka anayejua kuongoza mstari. Hapo Delfim alikuwa nyumbani. Kocha Rudzik, mtu mwenye sauti kama honi ya treni, aliwafundisha mabeki wake mtego wa kuotea mpaka wakawa wanaufanya usingizini. Mpinzani akinyanyua mguu kupiga pasi ndefu, kipa anaita "Toka!", wote wanne wanaruka mbele kwa pamoja, na mshambuliaji anaachwa nyuma yao, yeye na kipa tu. Kibendera kinapaa, bao linakataliwa. Atakayezubaa nyuma amewauza wenzake.

Basi majani yalipoanza kupukutika mwaka ule, kibendera kikaacha kupaa.

Mechi ya kwanza walisema mshika kibendera kipofu. Ya pili wakamtukana mama yake. Ya tatu, kipa wao, Marquis Tolliver, mtoto mwenye mdomo usio na breki, alimfuata mtu huyo mpaka kwenye mstari wa chaki wa pembeni.

"Mzee, miwani umeiacha kwa nani?"

"Miwani ninayo. Mwambieni mwenzenu aache kubaki nyuma."

"Mwenzetu yupi?"

"Yule wa sweta."

Tolliver akageuka kuwatazama mabeki wake. Hakuna aliyevaa sweta.

Jumatatu kocha akawakusanya mbele ya televisheni, kuwaonyesha picha zilizopigwa na kamera ya juu ya nguzo. Akasimamisha mchezo pale pasi ilipopigwa.

"Arruda, unafanya nini huku nyuma? Unachuma maua?"

"Kocha, mimi ni huyu hapa. Wa pili kutoka kushoto."

"Basi huyu nani?" Rudzik akaanza kugonga kioo kwa kidole. "Mmoja. Wawili. Watatu. Wanne..."

Kidole kikabaki hewani. Nyuma ya wote wanne, karibu na alama ya penalti, alisimama mtu. Ukungu ulikuwa umemla miguu. Kichwa alikiinamisha upande, kama mtu anayejaribu kusikia jambo linalosemwa chumba cha pili.

Kocha akazima televisheni. Akajikuna kidevu.

"Kamera mbovu," alisema. "Jumamosi Bwana Lachance wa Albany anakuja. Nikiona mtu nyuma ya mstari, awe nani, awe shetani, nitahesabu ni wewe, Arruda. Mstari ni wako."

Hata Tolliver hakucheka.

Delfim alirudi nyumbani akiwa amenyauka. Bibi yake, Vavó Ermelinda, alikuwa jikoni akikata majani ya supu huku akimtukana refa wa Ureno aliyekuwa kwenye televisheni, ng'ambo ya bahari, asiyeweza kujitetea. Kijana akaketi na bakuli la supu iliyobaki jana, akamsimulia yote. Alipofika kwenye sweta, kisu kikasimama.

"La sufu? La mikono mirefu?"

"Vavó, unamjua?"

"Nimjue wapi, nilikuwa sijazaliwa! Baba mkwe wangu ndiye aliyemjua. Amâncio Pimentel, mfumaji wa Pell. Mashine zile, mjukuu wangu, zilikula masikio kabla ya kula vidole. Amâncio alikuwa kiziwi kama kizingiti. Sasa mwambie toka, atasikia na nini?"

"Alichezaje, basi?"

"Baba mkwe alisimama ubavuni mwake. Wakati wa kutoka, anamkamata mkono wa sweta, anamvuta. Wanaenda pamoja kama bwana na bibi harusi. Hawakufungika." Akarudia kukata majani, polepole. "Siku ya fainali baba mkwe akashikwa na homa. Hakuna aliyemvuta Amâncio. Akabaki nyuma, bao likaingia, kombe likaenda. Mji mzima ukasimama kumzomea. Naye, maskini ya Mungu, alidhani anashangiliwa. Akawapungia mkono."

Delfim akahisi supu imepoa mdomoni.

"Halafu?"

"Jioni akafafanuliwa kwa vidole kilichotokea. Akavaa sweta lake akarudi uwanjani. Hakuonekana akitoka."

"Alifia pale?"

"Nimesema alikufa? Nimesema hakutoka. Maliza supu."

"Sasa mimi nifanyeje, Vavó?"

"Unaniuliza mimi? Mvute."

"Na asiponiachia?"

Bibi akafikiri. "Hilo sikumuuliza baba mkwe."

Jumamosi ilikuja na manyunyu ya baridi yale yanayoingia kwenye mifupa bila kubisha hodi. Bwana Lachance alisimama peke yake kando ya uwanja, kikombe cha kahawa mkononi, uso haumwambii mtu kitu. Wapinzani walitoka New Bedford, na mshambuliaji wao alikuwa na mbio za mbwa aliyeiba nyama.

Pasi ndefu ya kwanza ikaja. "Toka!" akaita Tolliver. Wanne wakaruka mbele kama mtu mmoja. Delfim akahisi baridi mgongoni, kama mtu kafungua jokofu nyuma yake. Kibendera hakikupaa. Bao.

"Arruda!" honi ya Rudzik ikalia. "Nilikwambiaje?"

"Kocha, sikubaki!"

"Kuna mtu kabaki!"

Bwana Lachance akatazama saa yake, akatazama lilikoegeshwa gari lake. Delfim aliliona jicho hilo, na harufu ya mikate ya mjomba ikampanda puani.

Wenzake wakasawazisha kwa mpira uliomgonga mtu kisogoni, bao la bahati kama mabao mengi ya haki. Kisha, mechi ikielekea ukingoni, kiungo wa New Bedford akainua kichwa, akavuta mguu nyuma. Delfim aliijua pasi ile kabla haijapigwa. Akitoka na wenzake, bao. Akibaki kumzuia yule mwenye mbio za mbwa, hamfikii, tena atakuwa amebaki mbele ya macho ya Albany.

Akarudi nyuma hatua mbili.

"Mbele, we punda! Mbele!" Rudzik alikuwa anakaribia kulia.

Delfim hakugeuka. Alinyoosha mkono wa kulia nyuma, mahali pasipo na mtu, akafumba vidole.

Alishika sufu. Sufu nzito, imelowa. Ndani yake mlikuwa na mkono mwembamba, wa baridi kama bomba la maji la Januari.

"Toka!" akaita Tolliver.

Delfim akavuta. Alidhani atavuta mzigo, lakini yule alikuja kwa wepesi wa mlango uliokuwa ukisubiri kusukumwa tu. Wakaruka pamoja, wakaufikia mstari pumzi moja kabla mpira haujaguswa. Kibendera kikapaa.

Mshambuliaji wa New Bedford, aliyekwisha kutia mpira wavuni, alikuja mbio kubisha. Akafika kwa Delfim, akatazama nyuma ya bega lake, mdomo ukabaki wazi. Akapiga ishara ya msalaba. Kisha akaenda kwa kocha wake kuomba atolewe, na alipoulizwa anaumwa wapi, alisema kote.

Delfim akafungua vidole vyake. Vidole vingine vikamfunga kiganja.

Akavuta mkono. Vikakaza, si kwa ukatili, bali kama mtoto anayeshikilia mzazi sokoni. Hata pumzi alisikia sasa, karibu na sikio, pumzi ya mtu aliyekimbia umbali mrefu. Wala hapakuwa na nafasi ya kuogopa, maana timu yake ilikuwa imepata kona. Akaenda mbele ya lango la wapinzani kama alivyo, mkono mmoja nyuma. Mpira ulipopigwa, akaruka. Waliokuwepo wanaapa mpaka leo kwamba mtu mmoja, kwa miguu yake miwili, hawezi kwenda juu vile. Akaupiga kichwa, na refa akamaliza mechi nyavu zikiwa bado zinacheza.

"Nilijua!" Rudzik alipiga kelele kwa kila aliyetaka kusikia. "Mimi huyu kijana nimemfundisha mwenyewe!"

Mkataba uliletwa ofisini, Vavó Ermelinda akiwa amevaa nguo za kanisani. Delfim aliketi akaandika jina lake kwa mkono wa kushoto. Herufi zikatoka kama kuku kapita.

"Kumbe wewe ni wa kushoto?" akauliza Bwana Lachance.

"Kuanzia leo, bwana."

Lachance akautazama mkono wa kulia, uliokuwa umenyooka nyuma ya kiti, na matone yanayodondoka sakafuni hali nje mvua ilikwisha kitambo. "Umeumia?"

"Hapana, bwana. Niko sawa."

Vavó akavuta kiti kilichokuwa tupu karibu na mjukuu wake, akakipangusa kwa leso. "Keti, baba," akasema kwa upole. "Umesimama mno."

Bwana Lachance akadhani anaambiwa yeye. Akakisogelea. Alipotaka kuketi, akasita, akabadili nia bila kujua kwa nini, akarudi upande wake wa meza akifunga vifungo vya koti.

"Jambo la mwisho," alisema haraka. "Tukisafiri, vijana wapya hulala wawili chumba kimoja. Nitakutafutia mwenzako."

"Usihangaike, bwana," akasema Delfim, na kile kiti kikalia kidogo, kama kiti kinavyolia kikipata mtu. "Yupo."