Upande wa Nyuma wa Kadi

Sumaiya aliajiriwa na hospitali moja ya binafsi mjini Same kuingiza kadi za wagonjwa kwenye kompyuta. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi: anaiskani kadi, anaandika jina na kijiji ili mgonjwa akitafutwa apatikane mara moja, kisha anaigeuza na kuskani nyuma. Kadi nyingi hazikuwa na kitu nyuma, na bosi alikuwa akimkimbiza. Akaanza kulipua kazi. Akaacha kugeuza. Kadi alizomaliza zikapelekwa kuchomwa moto.

Siku moja aliletwa Mama Eliwaza kutoka Suji, mguu umemvimba kwa kidonda. Nesi Koleta akaandika jina kwenye kompyuta, kadi ikatokea papo hapo.

"Aisee Sumaiya, umetuokoa na lile vumbi la kadi za stoo!" alisema akicheka.

Akaisoma yote, hakuona katazo lolote. Mgonjwa mwenyewe alikuwa anaweweseka kwa homa, na binti yake aliyemleta alikuwa ametoka kutafuta uji. Koleta akamchoma penisilini.

Haukupita muda, kelele zikasikika. Sumaiya alipochungulia, alimwona yule mama midomo imevimba, anahema kama anayekabwa koo. Daktari na manesi walihangaika naye mpaka pumzi ikarudi.

Binti akaingia na chupa ya uji. "Kwa nini mmemchoma hiyo? Si iliandikwa kwenye kadi kuwa inamdhuru, nyuma, kwa wino mwekundu? Niliiona kwa macho yangu!"

Wote wakamgeukia Koleta. Koleta akaapa kuwa hakuona kitu. Daktari akamwambia aende nyumbani mpaka atakapoitwa. Akapita mbele ya Sumaiya akijifuta machozi kwa upindo wa kanga, na Sumaiya akajifanya anatengeneza waya wa skana.

Kesho yake asubuhi Sumaiya alikuwa mlangoni kwa daktari kabla hajafungua.

"Koleta hana kosa, daktari. Ni mimi. Sikuzigeuza kadi."

"Kadi zipi?"

"Karibu zote."

Daktari akakaa chini taratibu. Kisha aliagiza uchomaji usimame. Kadi zilizosalia stoo ziliskaniwa upya. Wale ambao kadi zao zilikwisha kuwa majivu, Sumaiya aliwapigia simu mmoja mmoja kuwauliza dawa zinazowadhuru. Wengine hawakupatikana, na hao ndio waliomnyima usingizi. Koleta alirudi kazini, lakini akawa anampita bila salamu.

Mama Eliwaza aliporuhusiwa, Sumaiya alipanda Suji kumwona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu sana, umetoka mbali kunijulia hali!"

Ukarimu ule ulimchoma. Akamweleza yote, kichwa kikiwa chini.

"Mimi nimekuwa nikimlaani yule nesi," alisema Mama Eliwaza. "Kila nikilala, kila nikiamka. Kumbe nilimwonea mtoto wa watu. Mwambie anisamehe."

Hakusema kama Sumaiya amesamehewa, na Sumaiya hakuthubutu kuuliza.

Jioni hiyohiyo alibisha hodi kwa Koleta. Koleta alitokea, akasimama mlangoni bila kumkaribisha ndani, akasikiliza ujumbe mpaka mwisho.

"Mwambie mama nimemsamehe," alisema.

Kisha akafunga mlango, polepole, na Sumaiya akashuka njia ya kurudi kwao.