Yai Lisilo na Ganda

Mwanne alikuwa mwalimu kabla ya kuolewa, na hilo watu wa Isevya walimsamehe. Kilichowashinda kumeza ni yai.

Miaka ile ya Ujamaa, kina mama wa mtaa walitoka asubuhi kwenda kulima shamba la pamoja kule Itetemia, wakamwachia Mwanne watoto wao wadogo. Mwingine angewafungia uani walie mpaka jua la utosi. Yeye akawatafutia kazi. Aliwasha mshumaa, akaufunika kwa glasi, wakautazama unavyokata roho. Akawapa chumvi wakoroge kwenye maji mpaka yai lililozama likapanda juu lenyewe. Jibu hakuwapa mpaka wabishane kwanza, na watoto wa Isevya kwa kubishana hawajambo.

Kisha akaloweka mayai kwenye maji ya ndimu. Baada ya siku chache ganda likaisha lote, yai likabaki na ngozi laini, linabonyea kama shavu la mtoto. Shomari, mjukuu wa Bi Sikuzani, alilipenda mno. Akalibeba kwa viganja viwili mpaka nyumbani, akaliweka juu ya mto wa bibi yake liwe zawadi.

Sasa nyie mnatujua. Yai likionekana njia panda tu, watu hupita mbali. Sembuse yai lisilo na ganda, tena juu ya mto wa mwanamke mwenye ulimi kama wa Bi Sikuzani, aliyegombana na nusu ya mtaa? Alipiga ukunga, watu wakadhani kuna msiba. Jioni ile ile ikavuma kwamba Mwanne anafundisha watoto uchawi.

Kesho yake hakuja mtoto hata mmoja. Mama zao waliona heri waende nao shamba, wakachomwe na jua. Mwanne akakaa peke yake mbele ya mkeka mtupu. Aliwapenda watoto wale, na hakuwa tayari kunyang'anywa kwa maneno ya mtu.

Alasiri akaja balozi wa nyumba kumi, Mzee Yahaya, pamoja na Bi Sikuzani, na mtaa mzima nyuma yao. Watoto nao walikuwapo, maana nani angekubali kubaki nyumbani?

"Shikamoo, Bi Sikuzani," Mwanne akasema.

Bibi yule akamnyima hata marahaba.

"Mwanne," balozi akasema, "acha hii shule yako. Ukikataa, Bi Sikuzani anataka isomwe halubadiri."

Watu wakanywea. Halubadiri si mchezo. Husomwa ili mwovu apatwe na balaa, na kila nyumba ina kisa cha mtu aliyevimba tumbo akafa. Wengi wangeomba radhi hapo hapo. Mwanne aliingia ndani, akatoka na chetezo cha makaa na ubani, akakitua katikati ya mkeka.

"Isomeni," akasema. "Hapa hapa kwangu, na amina nitaitikia mimi kuliko nyote. Ila mnajua wenyewe, humrudia aliyesingizia. Bi Sikuzani, njoo ukae karibu yangu."

Bi Sikuzani akautazama ule moshi.

"Leo sina udhu," akasema.

"Maji yamo mtungini."

Bibi akarudi nyuma ya balozi. Balozi akakohoa, akasema basi, yaishe, kila mtu aende kwake.

"Hayaishi, Mzee Yahaya," Mwanne akasema. "Mmeniita mchawi watoto hawa wakisikia. Hatoki mtu mpaka wauone huo uchawi wenyewe." Akaleta bakuli la maji ya ndimu na yai, akampa Bi Sikuzani. "Litie kwa mkono wako. Au unaliogopa hata likiwa na ganda?"

Watu wakacheka. Aibu ikamzidi bibi kuliko hofu, akalitia. Povu jembamba likaanza kulizunguka yai. Shomari akapenya katikati ya miguu ya watu mpaka mbele.

"Bibi, povu hilo linatoka wapi?"

Bi Sikuzani akamtazama balozi. Balozi akatazama pembeni.

"Sijui," bibi akasema, kwa sauti ndogo.

"Basi kaa hapo na wenzako wasiojua," Mwanne akamwambia bibi, akawaita watoto wengine waje mkekani.