Kadi Ndani ya Bitana

...na kidole gumba bado kinaning'inia juu ya kioo cha simu ya mumewe, pale palipoandikwa weka namba ya siri, maana muuza miwani ameuliza mara moja tu, kwa adabu, simu au kadi, na mumewe akajibu swali halijatua, "Simu, sisi kadi tutaitolea wapi," akacheka, akamsogezea simu, "Mama Pacha, nibonyezee, mimi hapo naona ukungu mtupu," na namba yenyewe akaitaja kwa sauti mbele ya mgeni, kama fundi anayetaja urefu wa ubao, namba ya siri, siri gani sasa, mwanamume huyu hana siri hata moja, na yeye mkewe amesimama hapa na mkoba kwapani, mkoba alioushona kwa mikono yake, na ndani ya bitana, nyuma ya mshono ambao jicho zima lisingeugundua, sembuse jicho la mumewe, kuna kadi ya benki yenye jina lake, mwaka wa sita huu... na hela zilizomo kwenye simu ni za mbao, za mlango wa mtu, mwenye mlango alizituma jana, na mumewe katika useremala wake wote hajawahi kugusa hela ya mbao za mtu, "Nitamwomba anivumilie wiki mbili," anamwambia muuza miwani ambaye hakuuliza, anajikuna shingo kama kawaida yake akiona haya, kidole cha kati kimefungwa kitambaa, msumeno ulimpata Jumanne kwa kutouona mstari alioupiga mwenyewe, na yeye aliyekifunga kidole kile alijua kadi iko wapi, alijua, akafunga tu, akasema pole... Shangazi ndiye aliyesema weka chako pembeni, mama yako alitoka kwenye ndoa na fuko moja la nguo, usije ukatoka hivyo, akaweka, hela ya kushona sketi ya huyu, suruali ya yule, na ilikuwa akili, nani angesema si akili, ilikuwa akili mpaka baiskeli, hapana, asiifikirie baiskeli... pacha mmoja alilazwa, mumewe akauza baiskeli, akawa anakwenda karakana kwa miguu mvua nzima, anarudi viatu vimelowa chapachapa, anavijaza magazeti, anaviegemeza ukutani, halafu anampa pole yeye, pole kwa kushinda hospitali mke wangu, na mkoba unaning'inia msumarini juu ya viatu vile vile, siku ile angesema, akajiambia kesho, na kesho yake ikawa ngumu zaidi kwa sababu ya jana...

"Mtandao unasumbua?" muuza miwani anauliza. "Hapana, anahakikisha namba tu," mumewe anamjibia, hata hapa anamtetea, na yeye anatafuta uongo haraka haraka, aseme ni kadi ya kikundi cha mafundi cherehani, aseme wamemkopesha, na mumewe atafurahi, atawaombea dua kina mama wa watu ambao hawakutoa kitu, ataamini neno kwa neno, na hapo uso unamwaka moto, maana uongo huu hautagundulika kamwe... au asiseme chochote, aitoe tu, alipe, airudishe, miwani iko mezani, mumewe bila miwani ataona kitu bapa kinapita, atasikia mlio wa mashine, basi, angeweza, mkono umekwisha kuingia mkobani, na ghafla anajiona, mwanamke mzima anawahi kumwibia mumewe kabla hajapata macho... Shangazi alimpa dawa ya ugonjwa wa baba yake, na yeye ameimeza miaka sita kwa ajili ya mtu asiyeumwa, na mtu huyo hatagomba, ingekuwa nafuu agombe, atanyamaza, atarudi nyuma mwezi kwa mwezi mpaka afike kwenye baiskeli, kisha atasema sawa, na hiyo sawa ndiyo anayoiogopa, yeye mkewe ataila mezani, atalala nayo, na aile, ni yake... basi mumewe avae miwani kwanza, avae, aishike kadi mwenyewe kwenye mwanga, asome jina herufi kwa herufi, halafu ndipo aulizwe simu au kadi, aseme yeye... kioo cha simu kimezimika mkononi, muuza miwani bado anasubiri, mumewe bado amenyoosha shingo kuelekea upande anaodhani mkewe yupo, na yeye anatafuta pa kuanzia, kumwita Baba Pacha hakutoshi leo, anataka kumwita kwa jina lake, lile alilomwita walipokuwa wawili tu na chumba kimoja, na midomo imekwisha kulitengeneza, bado halijatoka...