Risper Anayeshiba Jua

Risper, mjane aliyeolewa Awendo kutoka Ndhiwa, alikuwa akianika nguo asubuhi alipoona mikono yake imegeuka kijani hadi viwikoni. Alimaliza kuanika shuka, kisha akaketi juani.

Mvua ilikuwa imenyesha vizuri, lakini yeye na Dorine, mke wa kitinda mimba wa boma lile, hawakuwa wamepanda mahindi. Mila inataka mkubwa wa boma atie mbegu kwanza ndipo wadogo wafuate. Mkubwa alikuwa shemeji yao Nashon, na Nashon alipanda miwa tu. Yeye alinunua unga mjini. Wao walingoja, na akiba ya ghalani ikaisha.

Risper alitumbukiza miguu kwenye karai la maji. Maji yakapanda mwilini, hewa ikaingia ngozini, jua likafanya kazi yake, na kufikia adhuhuri alikuwa na sukari ya kutosha. Njaa ilimwacha. Siku za mawingu ilirudi.

Kezia, jirani mwenye pumu, alikuja kuketi karibu naye kwa sababu hewa iliyotoka kwake ilimfungua kifua. Hakuja mikono mitupu. Kila mara alileta mtungi wa maji akamjazia karai.

"Nyar Ndhiwa, hata sisimizi wanakupenda siku hizi," alisema, akimwita binti wa Ndhiwa kwa Kijaluo huku akimpangusa shingo taratibu.

"Waache. Angalau wao wamepata chai ya sukari."

Nashon alipopita, Risper alimwita.

"Shemeji, tafadhali, tia hata punje tatu za mahindi, nasi tupande."

Nashon alimtazama kwa upole. Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyemwezekea nyumba alipofiwa.

"Lakini shemeji, si umeshiba?"

"Mimi nimeshiba jua. Dorine ananyonyesha."

"Basi naye aketi hapo."

Dorine akaketi. Vidole vyake vilianza kuwa kijani, na maziwa yake yakawa matamu kidogo. Mtoto hakulalamika.

Mvua ilikatika kabla mbegu yoyote haijatiwa. Miwa ilirefuka ikaziba jua uani, mpaka ikabaki sehemu moja ndogo yenye mwanga. Risper alisogea akawapisha Dorine na mtoto. Mkono wake mmoja tu ndio uliobaki juani.

Nashon alipita na jembe begani, akawasalimu. Wakaitikia. Akaenda kupalilia miwa yake, iliyokuwa ikistawi vizuri sana.